Mgongo na Gitaa la Koili Moja

Watu wa ukumbi walimwita Mgongo, na mpaka leo nikilisikia jina hilo damu inanichemka. Walimwita hivyo kwa sababu kwa miaka yote aliyopiga gitaa la solo kwenye bendi yetu, wao hawakupata kuona kitu kingine. Uso aliupeleka ukutani, mgongo akawaachia wao. Wenye adabu walisema ana haya. Wasio na adabu, ambao ndio wengi wakishashusha chupa mbili tatu, walisema anaringa, anajiona, anawadharau watu waliolipa kiingilio. Yule hana maringo hata ya dawa. Mimi napiga besi, nimesimama kulia kwake tangu nywele zangu hazijahitaji kupakwa rangi, na alichokuwa anakitafuta ukutani nakijua vizuri kuliko wote.

Gitaa la umeme lina kidude chini ya nyuzi, sisi wapigaji tunakiita pikapu, na tafadhali usiniletee habari za magari. Ndani yake kuna sumaku na waya mwembamba kuliko unywele, umezungushwa na kuzungushwa mpaka ukawa kitita. Hicho kitita ndicho koili. Uzi ukitikisika, koili inanasa, inapeleka kwenye amplifaya, wewe unasikia muziki. Gitaa la Mgongo lilikuwa na pikapu za koili moja moja. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kavu, safi, kila noti imesimama peke yake. Ubaya wa koili moja ni kwamba haichagui. Inanasa nyuzi, na hapohapo inanasa taa za mirija, friji, feni, hata waya wa umeme uliopita ndani ya ukuta. Yote hayo yanatoka kwenye spika kama mngurumo usiokoma. Dawa yake ni moja tu. Ukigeuka polepole na gitaa lako kifuani, unafika mahali mngurumo unapungua, unapungua, mpaka karibu unanyamaza. Kila ukumbi una pembe yake. Kwenye ukumbi wetu pembe hiyo ilitazama ukuta wa nyuma, palipobandikwa kalenda ya kampuni ya rangi za nyumba, basi Mgongo akawa anawapigia watu muziki huku akiitazama kalenda.

Nilimuuliza mwanzoni kabisa, maana mimi kitu kikinikera silali nacho. Akanieleza yote haya, taratibu, huku akifuta nyuzi kwa kitambaa. Nikamwambia, sasa waeleze na hao watu, wasikupakazie. Akasema akianza kueleza ataeleza mpaka lini. Nikamwambia basi utabaki na hilo jina. Akabaki nalo, na wala hakuonekana kujali.

Mchana alikuwa mkata vioo. Duka lilikuwa la mtu, yeye alikaa chumba cha nyuma, kwenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu. Anachovya kisu cha gurudumu kwenye mafuta ya taa, anakivuta mara moja tu juu ya kioo, anabonyeza kwa vidole gumba, tak, kimekatika. Kazi ile haina mazungumzo. Mteja anaongea na mwenye duka huko mbele, vipimo vinaletwa kwenye kikaratasi, kioo kinatoka. Kutwa nzima anakata vioo vya watu vya kujitazamia, na sura pekee anayoiona humo ni yake. Jioni ananawa mikono, anakuja kwetu, anaitazama kalenda. Mtu wa namna hiyo anaweza kumaliza wiki nzima bila kutazamana na binadamu, na nadhani alimaliza nyingi.

Lakini hakuzaliwa mpweke, lazima niseme hivyo. Alikuwa na mke, mwanamke mcheshi, ulimi kama wangu, tukiitana wifi kwa mazoea. Shida ilikuwa mazoezi ya nyumbani. Mgongo akitaka kupiga gitaa alizima friji kwanza. Halafu feni. Halafu taa ya mrija, maana hiyo ndiyo adui mkubwa. Televisheni aliichomoa kabisa. Nyumba ikabaki giza totoro, yeye kajifungia chumbani, amekaa kwenye kigoda anatazamana na kabati la nguo. Maziwa yalichacha, nyama zilioza. Wifi alivumilia akitania, halafu akavumilia bila kutania. Siku moja aliniambia hajui kama ameolewa na mtu au na swichi, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Haukupita muda akabeba cherehani na mtoto wao wa kike, akahamia kwa kaka yake upande wa pili wa mji. Hapo sikucheka tena.

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza shule. Alikuja kwa baba yake siku za mapumziko, akatandikiwa godoro sebuleni, na baba mtu, badala ya kukaa akaongea na mwanawe, akazima friji akaingia chumbani. Nilimsema sana kwa hilo. Alisema hajui waongee nini. Basi mtoto alilala gizani akisikiliza gitaa kupitia ukutani mpaka usingizi umchukue, asubuhi wanakunywa chai, anarudishwa kwa mama yake. Alivyokua, ziara zikapungua, ikabaki simu. Nimewahi kukaa karibu naye akiongea na binti yake kwenye simu. Umekula? Nimekula. Kazi? Nzuri. Na wewe? Nzuri. Haya. Akishakata alikuwa anaishika ile simu mkononi kwa muda, anaitazama, kama kuna neno limebaki ndani. Nilimwonea huruma, ingawa mdomoni nilimwambia simu haiumwi, airudishe mfukoni.

Sasa binti akapata mchumba. Akaja mwenyewe kumwambia baba yake, akamkuta amekaa na mimi nje ya mlango wake tunabadilisha nyuzi za besi yangu. Nikataka kuondoka, akanishika mkono, akasema, shangazi kaa, wewe ndiye shahidi. Alieleza siku, ukumbi waliokodi, mambo ya nguo. Baba mtu aliitikia tu, ndiyo, vizuri, ndiyo. Halafu binti akasema hataki kuingizwa ukumbini na mshereheshaji anayepiga kelele.

"Nataka uniingize wewe, baba. Mimi nitakuwa nje ya mlango, mlango umefungwa. Nikisikia gitaa lako tu, nafunguliwa, naingia."

Mgongo alitabasamu, na mimi nilikuwa nimesahau kama ana meno. Akasema hiyo ndiyo kazi anayoiweza.

"Ila uangalie mlangoni," binti akasema. "Nikiingia nione uso wako. Tangu nizaliwe sijawahi kuuona uso wako ukiwa unapiga."

Alisema bila lawama, na hilo ndilo lililonikata maini. Mgongo akainama, akaendelea kukaza uzi wa besi yangu mpaka nikaogopa utakatika. Akasema sawa, mwanangu. Utauona.

Tulikwenda kuujaribu ule ukumbi mapema, tukiwa na gitaa na amplifaya yake ndogo. Mimi kuingia tu nikaona balaa. Taa za mirija dari zima. Juu ya mlango, vitaa vidogovidogo vya rangi vimening'inizwa kama matunda. Nyuma ya jukwaa jiko, na jikoni majokofu makubwa yamepangwa ukutani. Mgongo akawasha, akasimama ameuelekea mlango, na spika ikanguruma kama mashine ya kusaga. Akaanza kugeuka. Nilimfuata kwa macho, polepole, hatua ndogondogo za mtu anayetafuta sarafu gizani, na mngurumo ukapungua kadiri anavyougeukia ukuta wa jiko. Pale ulipokaribia kunyamaza kabisa, mlango ulikuwa nyuma yake, sawasawa na uti wa mgongo. Akasimama hapo. Nilimwendea mwenye ukumbi kuomba taa zizimwe wakati wa kuingia, akaniuliza kama bibi harusi ataingia na tochi. Nilimjibu vibaya, lakini taa hazikuzimwa.

Tukaenda kwa fundi. Fundi wetu anatengeneza redio, amplifaya, gitaa, chochote chenye waya, kwenye kibanda ambacho ukikaa unakalia spika ya mtu. Alisikiliza shida, akaondoka, akarudi na pikapu nyingine, pana zaidi, na akamweleza Mgongo jambo ambalo Mgongo alilijua miaka yote akijifanya hamnazo. Hii ina koili mbili ubavu kwa ubavu. Moja imezungushwa kinyume cha mwenzake, na sumaku zake zimepinduliwa. Kelele ya taa ikiingia, ya huku inaiua ya kule, ila sauti ya nyuzi haifi, inajumlishwa. Simama unapotaka, tazama unapotaka, taa ziwake mpaka zipasuke.

"Na sauti?" Mgongo akauliza.

Fundi akakuna kidevu. Akasema sauti inashiba. Inakuwa nene, laini, ina mwili. Ule ukali wa juu unapungua. Akampa gitaa lake mwenyewe lenye koili mbili, ajaribu. Mgongo akalipiga lile pigo lake la kuanzia, ambalo kila anayetujua analijua, noti chache zinazopanda na kushuka kabla sisi wengine hatujaingia. Lilitoka zuri. Mviringo, la utu uzima. Nikamwambia linapendeza, na sikuwa namfurahisha.

"Ni zuri," akasema. "Lakini anapiga mtu mwingine."

Hapo nikapandisha mori. Nilimwambia aache kujidekeza. Nani atakayetofautisha, wageni waalikwa watakaokuja kula? Fundi akaniunga mkono, akasema tofauti hiyo wanaisikia wapigaji na mafundi peke yao, watu wa kawaida wao gitaa ni gitaa. Sisi watatu tuliamini hivyo, hata Mgongo aliamini, maana sisi tunaoishi kwenye kazi hii tunadhani masikio tumepewa sisi tu. Kilichomzuia ni kingine. Pikapu za koili mbili ni pana, kwa hiyo shimo la zamani halizitoshi, lazima mbao ya gitaa ichimbwe kwa patasi. Na fundi alisema wazi, akishachimba amechimba, gitaa halitarudi kuwa lile.

Alichukua siku kadhaa kuamua. Sikumsukuma tena, ingawa ulimi uliniwasha. Nilipita kwake jioni moja nikamkuta amekaa na gitaa mapajani, halijachomekwa popote, anapiga nyuzi tupu. Friji ilikuwa inawaka. Kwenye rafu kulikuwa na vikombe viwili, kimoja kimejaa vumbi. Akaniambia hii sauti ameitafuta tangu ujana wake, aliipata, na zaidi ya hii hana alichokipata. Nikamwambia ana mtoto. Akasema, ndiyo, dada, na mtoto anaomba uso. Nikakaa kwenye kile kigoda mpaka alipoinuka kuweka chai. Kesho yake akalipeleka gitaa kwa fundi mwenyewe. Fundi aliniambia kwamba patasi ilipoingia kwenye mbao Mgongo alitoka nje, akasimama barabarani akitazama magari yanavyopita.

Siku ya harusi ilikuwa alasiri yenye joto. Mgongo alikuja na suti ya kijivu iliyompwaya mabegani, na nywele amenyoa. Tukapanda jukwaani, akachomeka gitaa, akauelekea mlango. Taa zote zinawaka, vitaa vya rangi vinapepesa, majokofu yanafanya kazi yao huko jikoni, na spika kimya kabisa. Nilitazama kando nikaona uso wake wote, kwa mara ya kwanza jukwaani, na sitakuficha, nilipotea kidogo kwenye kulinganisha nyuzi za besi. Hakujua aweke wapi macho. Alimtazama kila mtu kama mgeni anayetafuta mwenyeji. Na watu wakamtazama. Wifi, aliyekaa meza ya mbele na kitenge chake kizuri, alimtazama bila kupepesa. Mama mmoja nyuma yake akasema kwa sauti, kumbe ana sura ya upole huyu, na meza nzima ikamkubalia.

Mshereheshaji akaomba utulivu. Watu wakasimama, simu zikainuliwa juu. Mlango umefungwa, nyuma yake tunajua yupo bibi harusi na bwana wake. Mgongo akavuta pumzi, akautumbulia mlango macho, akapiga.

Pigo lilitoka safi. Nene, laini, halina hata chembe ya mngurumo. Akalimaliza, akasubiri, mlango haukufunguliwa. Nikadhani wanapanga mstari. Akalirudia. Watu wakatabasamu, wakageuza simu vizuri. Akalirudia tena, safari hii mimi na mpiga ngoma tukaingia chini yake taratibu ili lisionekane pungufu. Mlango umefungwa. Simu zikaanza kushushwa. Mshereheshaji akachekacheka kwenye maiki, akasema wanawake na maandalizi. Mgongo hakuacha kutabasamu mlangoni, ila tabasamu lilikuwa limeshakauka, na jasho limemfika shingoni. Alilirudia tena na tena, kila mara akitia nguvu zaidi. Nikaona hapana, huyu ataaibika mbele ya macho yangu. Nikaiegemeza besi kwenye spika, nikapita kando ya ukuta, nikatoka kwa mlango wa jikoni nikazunguka.

Nilimkuta binti kwenye korido, amesimama wima, maua mkononi, hana wasiwasi wowote. Amemshika mumewe mkono. Sikio moja amelielekeza mlangoni.

"Mama, mnangoja nini?" nikamwuliza, na nilikuwa nimekasirika kweli.

"Tunamngoja baba aanze," akasema. "Huyo anayepiga sasa ni nani, shangazi?"

Nikamwambia ni baba yako.

Akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Huyo siyo baba. Baba namjua. Nimelala na ile sauti."

Nikamweleza haraka haraka, koili mbili, taa, fundi, patasi, kwamba amefanya hivyo ili aweze kumtazama. Sijui nilieleza nini, maneno yaligongana. Mume wake alinitazama kama nina homa. Binti akawa ananisikiliza huku uso unambadilika, na pale ndani pigo likaanza tena upya. Akakiachia kiganja cha mumewe, akasogea, akasukuma mlango kidogo tu, akachungulia. Akakaa hapo. Kisha akaufunga, akajipangusa chini ya macho kwa kidole asiharibu wanja, akaniambia niwafungulie.

Akaingia. Watu wakapiga vigelegele, simu zikapanda, yeye akatembea moja kwa moja akimtazama baba yake, na baba yake akimtazama yeye, akipiga. Ulikuwa uingiaji mzuri. Kila mtu aliusifia.

Baadaye wakati wa kula watu walimwendea Mgongo mezani. Nilishangaa. Waliomwita mwenye maringo walimshika mkono, wakamwambia leo ndiyo tumekuona bwana, karibu na kwetu siku moja. Alisimama kwa kila mmoja, akashukuru. Wifi naye alikuja, wakasalimiana vizuri. Walipoisha nikavuta kiti nikakaa karibu naye, na uongo wangu ulikuwa tayari. Nikamwambia kule kuchelewa, ni zipu ya gauni ilikwama, tulihangaika nayo weee.

Alikata kipande cha nyama, akakiacha kwenye sahani.

"Nilikuwa naangalia mlango, dada," akasema. "Nilimwona alipochungulia. Alikuwa anatazama ni nani."

Akaniuliza kama nitakunywa soda, akainuka kwenda kuniletea.